Sydney Ringer: Daktari wa watoto aliyesaidiwa na maji ya bomba

JINA lake hutajwa usiku na mchana katika wodi za watoto za Afrika Mashariki, lakini ni wachache wanaojua kwamba ni jina la mtu. Mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto jikoni anapofikishwa hospitalini, au mchanga aliyeharisha hadi macho yakadidimia, muuguzi hutafuta mshipa, hutundika chupa ya maji na kuandika kwenye jalada kwamba mgonjwa ameanzishiwa Ringa. Wazazi hulisikia neno hilo kama wanavyosikia jina la dawa nyingine yoyote.

Sydney Ringer alikuwa daktari wa Kiingereza aliyefariki dunia mwaka 1910. Alitibu watoto, alifundisha wanafunzi kwa karibu miaka 40, na aliandika kitabu cha tiba kilichosomwa na kizazi kizima cha waganga. Yote hayo yamesahaulika. Kilicholibakiza jina lake ni kosa lililotokea katika maabara yake, pamoja na uamuzi wake wa kulitangaza kosa hilo mwenyewe badala ya kulifukia.

Alizaliwa katikati ya miaka ya 1830 katika mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza, katika familia ya wafanyabiashara ambayo baba yake aliiacha mapema kwa kifo. Ndugu zake wawili waliifuata biashara hadi Mashariki ya Mbali. Mmoja alitajirika Shanghai. Mwingine, Frederick, alikuwa miongoni mwa wageni mashuhuri wa bandari ya Nagasaki, ambako nyumba yake ingali kivutio cha watalii. Sydney alichagua uganga. Alianza kwa kujifunza kazi chini ya daktari wa mjini kwao, kisha mwaka 1854 akaingia Chuo Kikuu cha London, tawi la University College. Alihitimu shahada ya kwanza ya udaktari mwaka 1860 na ya uzamivu mwaka 1863.

Tangu hapo hadi alipostaafu mwaka 1900, maisha yake yote ya kazi yalizunguka mtaa mmoja: upande huu chuo, upande wa pili hospitali ya chuo hicho.

Kati ya mwaka 1864 na 1869 alikuwa pia daktari msaidizi katika Hospitali ya Watoto ya Great Ormond Street, iliyofunguliwa mwaka 1852 ikiwa na vitanda 10 tu. London ya wakati huo ilikuwa mahali pagumu kwa mtoto. Mwaka 1866 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 5,000 katika mitaa ya mashariki ya jiji. Nyumba zilipashwa joto kwa moto wa wazi, na nguo za watoto zilishika moto kwa urahisi. Kwa aliyeungua, tiba iliyozoeleka ilikuwa kumpaka mchanganyiko wa mafuta ya kitani na maji ya chokaa, kumfunga vitambaa na kusubiri.

Watoto wengi walioungua sehemu kubwa ya mwili hawakufa kwa maumivu wala kwa kidonda chenyewe. Walikufa siku ya kwanza au ya pili, wakiwa wamepauka, mikono na miguu imekuwa ya baridi, mapigo ya moyo yakienda mbio na kufifia. Leo inafahamika kwa nini. Ngozi ni ukuta unaoyazuia maji ya mwili yasitoke. Ukuta huo ukiungua, mishipa midogo ya damu huvuja, maji na chumvi humiminika kwenye uvimbe na malengelenge, na damu inayobaki haitoshi kufika viungoni. Hiyo ndiyo hali ambayo madaktari huiita mshtuko, na haihusiani na hofu.

Mtoto huipata upesi kuliko mtu mzima. Mwili wa mtoto mchanga ni maji kwa takriban robo tatu. Ngozi yake ni kubwa mno ikilinganishwa na uzito wake, na kichwa peke yake huchukua karibu moja ya tano ya ngozi yote, ilhali kwa mtu mzima haifiki hata moja ya kumi. Kikombe kimoja cha chai kinachoweza kumwachia baba kovu dogo mkononi kinatosha kuhatarisha maisha ya mtoto wa miezi minane.

Ringer hakuyajua hayo kwa namna tunavyoyajua. Alichokuwa nacho ni tabia ya kupima. Mwaka 1865, wakati madaktari wengi wa Uingereza walikuwa bado wanakisia homa kwa kiganja cha mkono, alichapisha kitabu kidogo kuhusu matumizi ya kipimajoto katika kuutambua ugonjwa wa kifua kikuu. Kitabu chake kikubwa cha tiba kilitoka mwaka 1869, na hadi mwaka 1897 kilikuwa kimepigwa chapa mara 13.

Wazo la kumwongezea mgonjwa maji kupitia mshipa halikuwa geni. Mwaka 1832, daktari wa Uskochi aliyeitwa Thomas Latta aliwatia maji ya chumvi mishipani wagonjwa wa kipindupindu waliokuwa wanakata roho, na baadhi yao walifufuka mbele ya macho yake. Latta alifariki mwaka uliofuata, na njia hiyo ikaachwa kwa miongo mingi. Sababu zilikuwa nyingi, ikiwa ni pamoja na uchafu wa vifaa. Lakini kulikuwa na swali la msingi zaidi ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake: je, maji yanayochukua nafasi ya damu yawe na nini ndani yake?

Jibu lilianzia kwa chura.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880, kabla na baada ya kuzungukia wagonjwa, Ringer alikuwa akivuka barabara kwenda katika maabara ya fiziolojia ya chuo. Huko alining'iniza moyo uliotolewa kwenye mwili wa chura, akaulisha mimumunyo mbalimbali na kutazama utaendelea kudunda kwa muda gani. Nia yake ilikuwa kujua kila chumvi iliyomo katika damu inafanya kazi gani. Mwaka 1882 alichapisha matokeo ya kwanza: moyo ulidunda vizuri katika maji yenye chumvi ya kawaida na potasiamu kidogo. Ilionekana kana kwamba hakuna kingine kilichohitajika.

Kisha matokeo yakagoma kujirudia. Mmumunyo uleule, kipimo kilekile, lakini safari hii moyo ulidhoofika na kusimama baada ya dakika chache.

Uchunguzi ulifika hadi kwenye maji. Ringer aliamini kwamba mimumunyo yake ilitengenezwa kwa maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji yasiyo na kitu chochote ndani yake. Kumbe ile ya mwanzo ilitengenezwa kwa maji ya bomba. Simulizi iliyopokewa miaka mingi baadaye inadai kwamba msaidizi wa maabara aliona ni kazi bure kukeneka maji siku nzima kwa ajili ya daktari ambaye, kwa fikra zake, asingeona tofauti yoyote.

Maji hayo ya bomba yaliletwa na kampuni ya New River, kupitia mfereji uliochimbwa tangu mwaka 1613 kutoka chemchemi za Hertfordshire, kaskazini mwa jiji. Chemchemi hizo hutoka katika miamba ya chokaa. Kwa hiyo kila bomba la mtaa ule lilitoa kalsiamu, bila mtu kuiagiza wala kuilipia.

Mwaka 1883 Ringer alichapisha makala ya pili. Alieleza waziwazi kwamba matokeo yake ya awali yalikuwa na dosari, akaitaja kampuni iliyoleta maji, akaorodhesha kilichomo ndani yake, na kuonyesha kwamba bila kalsiamu msuli wa moyo haukazi. Ikizidi, moyo hukaza na kushindwa kulegea. Potasiamu ndiyo inayoirudisha katika mizani, nayo ikizidi huusimamisha moyo. Kwa uwiano sahihi, moyo wa chura uliendelea kudunda kwa saa kadhaa nje ya mwili wa chura mwenyewe. Baadaye alifanya majaribio kama hayo kwa samaki: waliowekwa katika maji yaliyokenekwa walikufa mapema, wa maji ya bomba wakaendelea kuishi.

Wanasayansi wengi wamewahi kukosea, na wengi wamekosea kwa sababu ya wasaidizi wao. Si wengi walioyatangaza makosa hayo katika jarida lilelile, ndani ya mwaka mmoja, tena bila ya kumtupia lawama kijana wa maabara. Jina la Ringa linafanana na kitenzi cha kuringa, lakini katika jambo hili mwenyewe hakuringa hata kidogo.

Si kila alichokifanya mwaka huohuo kilimletea sifa. Yeye na daktari mwenzake, William Murrell, waliandika kuhusu athari za sumu ya naitraiti ya sodiamu, wakieleza jinsi walivyowapa wagonjwa dawa hiyo ili kuona inafanya nini mwilini. Magazeti yaliwaka. Watu waliuliza ni kwa idhini ya nani wagonjwa maskini wamegeuzwa kuwa vyura. Swali hilo lilikuwa la haki, na utetezi uliotolewa na wenzao wa taaluma haukulijibu. Mwaka 1885, hata hivyo, Ringer alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kuliko zote kwa mwanasayansi wa Uingereza.

Kutoka moyo wa chura hadi mshipa wa mtoto ilikuwa safari ya nusu karne. Mwaka 1921 jumba la sinema liliteketea katika mji wa New Haven nchini Marekani, na Frank Underhill, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyachunguza maji yaliyotoka katika malengelenge ya majeruhi. Aligundua kwamba yanafanana sana na maji ya damu. Aliyeungua, kwa maneno mengine, alikuwa anavuja damu isiyo nyekundu.

Miaka ya 1930 ikaja zamu ya Alexis Hartmann, daktari wa watoto katika mji wa St. Louis. Wagonjwa wake walikuwa watoto walioharisha hadi damu yao ikajaa asidi, na mmumunyo wa Ringer peke yake haukuipunguza asidi hiyo. Hartmann aliongeza laktati, ambayo ini huigeuza kuwa bikaboneti, na bikaboneti huituliza asidi polepole. Mchanganyiko huo ndio unaotundikwa wodini hadi leo. Baadhi ya hospitali huuita kwa jina la Hartmann, nyingine kwa jina la Ringer. Mwaka 1968 Charles Baxter, wa Hospitali ya Parkland mjini Dallas, akautungia hesabu kwa walioungua: mililita 4, zidisha kwa kilo za mgonjwa, zidisha kwa asilimia ya ngozi iliyoungua. Mtoto wa kilo 10 aliyeungua asilimia 20 atahitaji mililita 800 kwa saa 24, nusu yake ndani ya saa nane tangu alipoungua, si tangu alipofika hospitali, pamoja na maji yenye sukari ya mahitaji yake ya kawaida. Wapo wanaoanza na mililita 3.

Hesabu hiyo ni ya kuanzia tu. Anayejua kama inatosha ni muuguzi, kwa sababu ndiye anayepima mkojo. Mtoto mdogo akitoa mililita moja kwa kila kilo kwa saa, mambo yanakwenda. Mkojo ukikauka, maji hayatoshi. Kope zikivimba na pumzi ikiwa ya shida, huenda yamezidi. Kwa mtoto aliyekaushwa na kuharisha, Shirika la Afya Duniani linaelekeza mililita 100 kwa kilo: aliye chini ya mwaka mmoja hupewa 30 katika saa ya kwanza na 70 katika saa tano zinazofuata.

Kwamba mizani hiyo ni nyembamba kulithibitishwa hapahapa kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo ya Teule wilayani Muheza, ulipima faida ya kuwatilia maji mengi kwa haraka watoto wenye homa kali ambao damu yao haizunguki vizuri. Maji yaliyotumika yalikuwa ya chumvi au ya albumini. Katika saa 48, kati ya waliopewa maji ya haraka walifariki zaidi ya asilimia 10. Kati ya wasiopewa, asilimia 7.3. Matokeo hayo yaliwashangaza madaktari duniani kote. Watoto walioungua na walioharisha hawakuhusishwa, maana hao wamepoteza maji kweli na lazima warudishiwe.

Ringer mwenyewe hakuyaona hayo yote. Alikuwa na huzuni yake, iliyompata muda mrefu kabla ya vyura. Mwaka 1867 alimwoa Ann Darley wa Yorkshire, wakapata mabinti wawili, na mmoja akafariki angali mtoto. Daktari wa watoto hakuweza kumwokoa wa kwake. Mwaka 1879 yeye na mkewe waligharimia ukarabati wa kanisa la kale la kijiji cha Lastingham, huko Yorkshire, kwa kumbukumbu ya binti huyo. Alipostaafu alihamia kijijini hapo moja kwa moja. Alipatwa na kiharusi, akafariki Oktoba 14, 1910, na akazikwa hapohapo Lastingham.