Aliyesukumwa na Rafiki

Wiki hii tuangalie maisha ya Isaac Newton, yule ambaye watoto wetu husoma sheria zake tatu za mwendo shuleni. Wengi tunamjua kwa hadithi ya tufaha tu. Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo.

Newton alizaliwa siku ya Krismasi mwaka wa 1642, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule, katika kijiji cha Woolsthorpe. Babake alikuwa amefariki miezi 3 mapema. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo na dhaifu, hata hawakutarajia aishi. Alipofika miaka 3, mamake aliolewa na kasisi wa parokia ya jirani, akamwachia nyanya yake. Kidonda hicho kilikaa. Akiwa na miaka 19, huko chuoni Cambridge, aliandika orodha ya dhambi zake. Mojawapo: kwamba aliwahi kutishia kumchoma mamake na baba wa kambo pamoja na nyumba yao.

Mwaka wa 1665 tauni ilifunga chuo, akarudi kijijini. Huko ndiko alianza kufikiria kwa kina habari ya mwendo, mwanga na mvuto wa dunia. Baadaye, mwaka wa 1672, alitoa kazi yake kuhusu mwanga. Mwanasayansi Robert Hooke akaikosoa. Newton hakuweza kuvumilia kukosolewa. Akajifungia, akaandika, akaficha. Karibu miaka 20 tangu tauni, hazina hiyo ilikuwa bado imelala kwenye makaratasi yake.

Sasa sikia. Agosti 1684, kijana wa miaka 27 aitwaye Edmond Halley alifunga safari kutoka London hadi Cambridge, akamuuliza swali moja tu: kama jua linavuta sayari, na mvuto huo hupungua mara 4 umbali ukiongezeka mara 2, sayari itapita njia gani? Newton akajibu papo hapo kwamba ni duaradufu, yaani duara lililorefuka. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu hiyo! Kutafuta karatasi, haionekani. Akaahidi kuifanya upya, na Novemba akaituma. Halley hakuishia hapo. Alimhimiza hadi kazi ikawa kitabu kizima, Principia.

Shirika la kisayansi la London, Royal Society, lilikuwa limemaliza pesa kwa kuchapisha kitabu cha samaki. Halley akatoa zake mfukoni, na mwaka wa 1687 Principia ikatoka. Yeye mwenyewe, badala ya mshahara, alipewa nakala za kile kitabu cha samaki!

Ndani ya Principia ndimo zilimo zile sheria tatu. Ya kwanza: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea moja kwa moja kwa kasi ileile, mpaka nguvu ya nje ikibadilishe. Ndiyo maana matatu ikifunga breki ghafla, wewe unaendelea mbele. Ya pili: nguvu ikizidi, badiliko la mwendo huzidi; na mzigo ukiwa mzito zaidi, unahitaji nguvu zaidi. Ya tatu: ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa nguvu ileile, kuelekea upande wako.

Halley aliionja hiyo ya tatu. Hooke alipodai kwamba wazo la mvuto lilikuwa lake, Newton alikasirika, akatishia kuzuia sehemu ya mwisho ya kitabu. Halley akavumilia, akambembeleza mpaka akakubali.

Tusimfanye Newton mtakatifu. Alisoma Biblia sana, lakini alikataa fundisho la Utatu kisirisiri, na uhasama wake na Hooke haukuisha. Alifariki mwaka wa 1727 akiwa na miaka 84, akazikwa Westminster Abbey.

Mpendwa, hapa kanisani kuna mtu ambaye kipawa chake kimelala kwa sababu aliumizwa akajifungia. Pengine tumemwambia tu kwamba tunamwombea. Halley alifunga safari, akauliza, akafuatilia, akalipa, na aliposukumwa naye hakuondoka. Wiki hii, wewe utambishia nani hodi?