Horne Tooke, adui wa vihisishi

Kwenye orodha ya aina za maneno, kihisishi ndicho hubaki mwisho, na mwalimu akikifikia kipindi kinakuwa kimeshakwisha. Tunaambiwa ni neno la kuonyesha furaha, maumivu au mshangao, kwa Kiingereza "oh", "alas", "hurrah", ukiandika weka alama ya mshangao, au mkato kama hisia si kali, basi. Mimi niliridhika hivyo hadi nilipokutana na habari za John Horne Tooke, Mwingereza aliyetaka kihisishi kifukuzwe kabisa kwenye sarufi. Nikasema huyu bwana lazima nimjue.

Alizaliwa London mwaka 1736 kwa jina la John Horne. Hilo la Tooke alilichukua ukubwani, kwa heshima ya rafiki yake tajiri aliyekuwa na shamba Purley. Baba yake alikuwa muuza kuku sokoni. Inasimuliwa kwamba alipopelekwa Eton, shule ya watoto wa wakubwa, wenzake walimuuliza kazi ya baba yake, naye akajibu kuwa ni mfanyabiashara wa "turkey". Wakadhani mzee ana meli zinazokwenda Uturuki, kumbe neno hilohilo kwa Kiingereza ni bata mzinga! Hukohuko Eton alipoteza jicho moja kwenye ugomvi wa wanafunzi. Baadaye alisoma Cambridge, akawa kasisi kwa matakwa ya baba, ingawa moyo wake ulikuwa kwenye sheria na siasa.

Siasa ndiyo iliyomponza. Mwaka 1775 askari wa mfalme waliua watu Lexington na Concord huko Marekani, yeye akaitisha mchango kwa ajili ya familia zao na kutangaza magazetini kwamba waliuawa kikatili. Serikali ikamshtaki kwa kashfa. Mwaka 1777 alihukumiwa kifungo cha miezi 12 na faini ya pauni 200.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Hoja za kesi yake zilikuwa zimefika mahali pa kubishania vijineno kama "of", "concerning" na "that": vina maana gani, vinafunga nini na nini ndani ya hati ya mashtaka. Mtu mwingine angetoka mle akiwachukia mawakili tu. Tooke aliketi kifungoni akaandika barua ndefu kuhusu vijineno hivyo, ikachapishwa mwaka 1778. Kutokana nayo kikazaliwa kitabu chake kikubwa, The Diversions of Purley, sehemu ya kwanza mwaka 1786 na ya pili 1805.

Dai lake lilikuwa kwamba kila neno, hata dogo vipi, mwanzoni lilikuwa nomino au kitenzi, likafupishwa kwa kutumiwa haraka haraka. Aliona "if", kwa mfano, ni kitenzi cha kutoa kilichochakaa. Faida yake kisiasa iko wazi: kama maneno yote yana maana ya kawaida ya watu wa kawaida, hakimu hawezi kumfunga mtu kwa maana aliyoitunga mwenyewe.

Ila vihisishi vilimshinda kuvipangia nasaba, akavitupa nje. Aliviweka kundi moja na mlio wa farasi, kubweka kwa mbwa, kikohozi na chafya. Akasema hutavikuta kwenye sheria, historia wala vitabu vya sayansi. Utavikuta kwenye mashairi, tamthilia na riwaya. Na tuseme kweli, hapo bado anatutawala: weka "wow" kwenye tasnifu yako uone kama msimamizi hataizungushia kalamu nyekundu.

Nadhani alikosea, tena kwa kuiacha hoja yake njiani. "Alas" si mlio. Limetoka kwenye Kifaransa cha kale, na ndani yake mna neno la Kilatini la kuchoka. "Goodbye" ni dua nzima ya kumkabidhi mtu kwa Mungu, imebanwa ikawa neno moja. Sisi wenyewe tunasema "lahaula" bila kuwaza kwamba ni kipande cha sentensi ya Kiarabu kuhusu nguvu za Mungu. Ufupisho aliokuwa akiuhubiri ulikuwa hapo mbele yake! Halafu farasi wa Ufaransa analia kama farasi wa Uingereza, lakini Mfaransa akijigonga kidole anasema "aïe", Mwingereza "ouch", na mimi "mama wee". Kinachobadilika kwa lugha, ambacho mtoto hufundishwa na waliomzunguka, si chafya. Hata "oh" ina kazi yake: Mwingereza akiitamka katikati ya maongezi, mara nyingi anakujulisha kuwa amepata habari ambayo hakuwa nayo. Ukiiacha, atadhani hukumsikia.

Mwaka 1794 walimkamata tena, safari hii kwa uhaini, kosa la kunyongwa. Barua ya rafiki yake ilinaswa ikiuliza kama wangeweza kuwa tayari ifikapo Alhamisi. Serikali iliyoogopa yaliyotokea Ufaransa ikasoma humo mapinduzi, wakati jamaa walikuwa wanazungumzia karatasi za kuandaa. Tooke alimwita waziri mkuu Pitt mwenyewe kizimbani kama shahidi, na baraza la wazee wa mahakama halikuhitaji ila dakika chache kumwachia huru. Siku chache kabla, mwenzake Thomas Hardy alipoachiwa, umati ulilivuta gari lake kwa mikono mitaani London. Siamini kama watu wale walikuwa wanatamka nomino na vitenzi tu.

Mwaka uliofuata, 1795, Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, alitoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza kilichokuja kusomwa mashuleni kwa miaka mingi. Aina zake za maneno zilikuwa 9, na ya 9 ni kihisishi. Tooke alifariki Wimbledon mwaka 1812. Alikuwa ameshajijengea kaburi bustanini kwake, lakini ndugu zake wakaenda kumzika Ealing.