LUCY WILLS: DAKTARI ALIYEKUTA DAWA YA DAMU KWENYE MABAKI YA BIA

Leo tuweke siasa pembeni kidogo. Kuna mama mmoja nataka tumjue, maana kazi yake iko ndani ya nyumba zetu na jina lake hakuna anayelitaja.

Kama una dada, shemeji au mke aliyewahi kubeba mimba, basi umeviona vile vidonge wanavyopewa kliniki. Wengi wanaviita tu vidonge vya kuongeza damu. Wengine wanavitupa wakifika nyumbani kwa sababu vinawatia kichefuchefu. Ndani yake kuna vitu viwili: madini ya chuma na asidi ya foliki. Hiyo ya pili ndiyo stori yetu ya leo, na inaanzia India, kwa akina mama wa viwanda vya nguo wa Bombay, mji ambao siku hizi unaitwa Mumbai.

Lucy Wills alizaliwa tarehe 10 Mei 1888 karibu na Birmingham, Uingereza. Kwao si masikini. Familia yao ilikuwa na kiwanda cha kutengeneza miundu na vifaa vingine vyenye makali, na baba yake alikuwa msomi wa sayansi. Binti akapelekwa shule nzuri, kisha 1907 akaingia Cambridge, chuo cha Newnham, kusoma mimea na miamba. Akamaliza mitihani 1911. Digrii? Hakupewa. Cambridge wakati huo mwanamke anasoma, anafanya mtihani uleule wa wanaume, anafaulu, halafu anarudi nyumbani bila digrii. Hali hiyo iliendelea mpaka 1948, miaka mitatu baada ya vita ya pili kwisha. Ukisikia mtu anasema wenzetu walistaarabika zamani, mkumbushe hilo.

Mwaka huohuo wa 1911 baba yake akafariki. Mwaka 1913 akafariki dada yake mkubwa. Lucy akawa anasafiri tu, Ceylon na mama yake, halafu Afrika Kusini na kaka yake. Vita ya kwanza ilipolipuka 1914 alikuwa bado yuko huko Cape Town, akajitolea uuguzi kwa wiki chache. Alikuwa na miaka 26 na hakuwa na kazi ya maana. Hapo ndipo alipobadilisha njia. Januari 1915 akarudi darasani, safari hii kwenye chuo cha udaktari cha wanawake cha London, ambacho ndicho kilikuwa cha kwanza Uingereza kufundisha madaktari wanawake. Kilikuwa na wasichana wengi kutoka India. Akahitimu 1920, ana miaka 32. Wale mnaolia kwamba mmechelewa kwa sababu mna miaka 24 na bado mko mwaka wa pili, someni hapo mara mbili.

Hakutaka kutibu wagonjwa mtaani. Alipenda maabara. Akakaa Royal Free, hospitali ya London, akichunguza mwili wa mama mjamzito unavyofanya kazi, na miaka ikaenda. Mpaka 1928.

BOMBAY

Dr. Margaret Balfour, daktari mwanamke aliyekuwa amefanya kazi India miaka mingi, alikuwa kwenye uchunguzi wa vifo vya akina mama wajawazito. Wanawake walikuwa wanakufa kwa kuishiwa damu. Si kutokwa na damu, hapana. Damu yenyewe ilikuwa inakuwa nyepesi mwezi hadi mwezi, mama anavimba miguu, anapumua kwa shida, anachoka mpaka hawezi kuinuka, na uchungu ukimkuta katika hali hiyo ndiyo basi tena. Walioumia zaidi ni wanawake maskini, hasa waliofanya kazi kwenye viwanda vya pamba. Balfour akamwita Lucy aje. Akafikia Haffkine, taasisi kubwa ya utafiti wa Bombay.

Sasa sikilizeni tatizo lilivyokuwa. Ukiweka damu ya mgonjwa wa kawaida wa upungufu wa chuma chini ya hadubini, chembe nyekundu zinaonekana ndogo na zimepauka. Za hawa akina mama zilikuwa kinyume: chache, lakini kubwa kupita kiasi. Ulikuwepo ugonjwa mwingine wenye damu ya namna hiyo, uliojulikana Ulaya na Marekani, na 1926 madaktari wawili wa Boston, Minot na Murphy, walionyesha kwamba unatibika kwa kula maini mengi. Walipata tuzo ya Nobel 1934 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo jibu jepesi lilikuwa kwamba ni ugonjwa uleule, wapeni maini. Lakini maini ni ghali, na dada wa kiwandani Bombay atayatoa wapi kila siku? Na Lucy hakuwa na uhakika kwamba ni uleule.

Wengi walidhani ni vijidudu. Akatafuta vijidudu, hakuona cha kueleza ugonjwa. Akaamua kuangalia sahani. Akafuatilia wanawake wa tabaka mbalimbali wanakula nini, nani anapata maziwa, nani anapata matunda na mboga za majani, nani anaishi kwa mchele mweupe na mkate. Picha ikaanza kuonekana: ugonjwa unafuata umaskini wa chakula.

PANYA WALIVYOMCHEZEA

Akahamia mwaka 1929 kwenda Coonoor, mji wa milimani kusini mwa India, kwenye taasisi ya Pasteur ambako Robert McCarrison alikuwa anaongoza utafiti wa lishe. Huko akachukua panya, akawapa chakula kilekile cha wanawake maskini wa Bombay. Panya wakaishiwa damu. Akawaongezea hamira, panya hawakuugua. Safi kabisa! Mtu yeyote angeandika ripoti na kufungua shampeni.

Baadaye ikagundulika kwamba panya wale walikuwa na chawa, na chawa wale walikuwa wanaambukiza kijidudu kinachoharibu damu. Yaani ushahidi wa panya ulikuwa si ushahidi wa kile alichokuwa anakitafuta.

Mimi hapa ndipo ninapompendea huyu mama. Wapo watafiti ambao wangeficha hilo au wangegombana nalo miaka kumi. Yeye aliwaacha panya, akahamia kwa tumbili, ambao miili yao iko karibu zaidi na ya binadamu. Akawalisha chakula kilekile dhaifu. Tumbili wakapata upungufu wa damu wenye chembe kubwa, sawasawa na akina mama. Wakapewa maini, wakapona. Na kuna kitu kingine akawajaribishia: Marmite.

Kwa wasioijua, Marmite ni uji mzito mweusi wa chumvi ambao Waingereza wanapaka kwenye mkate. Unatengenezwa kwa hamira inayobaki baada ya kupika bia. Kilianza kuuzwa 1902. Ladha yake mtu ama anaipenda ama anakimbia. Ni mabaki, kwa hiyo ni rahisi. Na tumbili walipopewa, damu yao ikarudi.

Kuanzia 1931 alikuwa pia Madras, siku hizi Chennai, kwenye hospitali ya wanawake ambayo baadaye ilipewa jina la Kasturba Gandhi. Mazingira ya kazi yalikuwa duni sana. Akawapa wagonjwa Marmite kwa kijiko. Ndani ya siku chache tu mama ambaye alikuwa hataki hata kuonja chakula anaomba kula, na kwenye hadubini chembe changa za damu zinaonekana zikimiminika kutoka kwenye uboho. Mwaka huo huo wa 1931 akayachapisha matokeo yake kwenye jarida la madaktari wa Uingereza. Dunia ya tiba ikashtuka kidogo, kisha ikauliza swali la haki: ndani ya Marmite kuna nini hasa?

Hakujua. Hakuna aliyejua. Watu wakakiita kitu hicho kwa jina lake, kitu cha Wills, wakaendelea kukitafuta.

Alichofanya 1937 ni kumaliza ubishi wa pili. Viwanda vilikuwa vimeanza kusafisha dawa ya maini, na dawa ile iliyosafishwa iliwaponya wale wagonjwa wa Ulaya. Lucy na wenzake wakaonyesha kwamba kwa wagonjwa wa aina ya Bombay na kwa tumbili haifanyi kazi, ila maini yasiyosafishwa yanafanya. Maana yake kwenye maini kulikuwa na vitu viwili tofauti, na kusafisha kulikuwa kunakitupa kimoja. Leo tunajua la kwanza ni vitamini B12, iliyopatikana 1948. La pili ni la kwake.

JINA LAPATIKANA, SI KWAKE

Mwaka 1941 wanasayansi wa Texas walichukua tani 4 za spinachi, wakazikamua na kuzichuja mpaka wakapata kiasi kidogo sana cha kitu ambacho wakakipa jina kutokana na neno la Kilatini la jani. Ndiyo foliki hiyo. Kutengenezwa kiwandani kulikuja miaka ya katikati ya 1940 kwenye kampuni ya Lederle, Marekani, na aliyeongoza utafiti pale alikuwa Muhindi, Yellapragada Subbarow. Safari ilianzia India na kwa namna fulani ikarudi kwa mtoto wa India.

Kinachotokea mwilini ni hivi. Uboho unatengeneza chembe za damu kwa kugawanya seli mchana na usiku. Ili seli igawanyike lazima inakili maelekezo yake ya urithi, na foliki inahitajika katika kunakili. Ikikosekana seli inanenepa lakini haigawanyiki, ndiyo maana Lucy aliona chembe chache na kubwa. Mama mjamzito anajenga mtu mzima mpya tumboni, kwa hiyo akiba yake inakwisha haraka kuliko ya mwingine yeyote. Foliki iko kwenye mboga za majani, kunde, maharage, maini. Ukichemsha mboga saa nzima na kumwaga maji, nyingi umeimwaga.

Na kuna mzunguko mwingine wa ajabu. Daktari Sidney Farber wa Boston aliona foliki kama inachochea saratani ya damu kwa watoto, basi akajaribu kemikali inayoizuia isifanye kazi. Mwaka 1948 akatangaza kwamba baadhi ya watoto walipata nafuu ya muda. Hapo tiba ya saratani kwa dawa ilipata nguvu mpya, na dawa ya ukoo huo, methotrexate, inatumika hadi leo.

Turudi kwa Lucy. Vita ya pili alikuwa London akifanya kazi ya maabara kwenye huduma ya dharura. Hospitali yake ilipigwa bomu 1944. Vita ilipokwisha alikuwa anaongoza maabara ya Royal Free, akaanzisha hapo idara ya kwanza ya magonjwa ya damu, akastaafu 1947. Kustaafu kwenyewe si kukaa barazani. Alikwenda Jamaica, Fiji na Afrika Kusini kuangalia lishe na upungufu wa damu, na Chelsea akawa diwani wa chama cha Labour. Hakuolewa. Alipanda milima, aliteleza kwenye theluji, alilima bustani, na kazini alikwenda kwa baiskeli, si gari. Alifariki tarehe 16 Aprili 1964 akiwa na miaka 75.

Hakuishi kuona sehemu kubwa kuliko zote ya stori. Mwaka 1991 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 7, kwa wanawake waliokuwa wameshawahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi au kasoro ya namna hiyo. Waliopewa foliki kabla ya kushika mimba, hatari ya kupata mtoto mwingine wa hivyo ilipungua kwa asilimia 72. Tatizo ni kwamba uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya wiki 4 za kwanza, wakati wasichana wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Kidonge cha kliniki kinachelewa. Ndiyo sababu nchi zikaanza kuiweka kwenye unga, Marekani kuanzia 1998, na Tanzania, Kenya na Uganda zikatunga kanuni zao miaka ya mwanzo ya 2010. Geuza pakiti ya ngano pale dukani usome.

India yenyewe ilianza kugawa vidonge vya chuma na foliki kwa wajawazito 1970. Bado kazi ipo: takwimu za serikali yao za 2019 hadi 2021 zilionyesha zaidi ya nusu ya wajawazito wana upungufu wa damu.

Na kwao Lucy? Uingereza walibishana kuhusu unga huo tangu miaka ya 1990. Kanuni wamepitisha 2024, na viwanda vikapewa muda mpaka mwisho wa 2026.