George Stephenson: Mwendesha mitambo aliyeitandaza reli duniani

Treni za reli ya kisasa zilizoanza safari kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na zile zilizoanza kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, hupita juu ya vyuma viwili vilivyoachana kwa milimita 1,435.

Kipimo hicho hakikutoka katika chuo chochote. Kilianzia kwenye njia za kukokotea magari ya makaa ya mawe kaskazini mashariki mwa England, na aliyekieneza ni kibarua wa migodini ambaye alifika umri wa miaka 18 bila kujua kusoma wala kuandika.

George Stephenson alizaliwa tarehe 9 Juni mwaka 1781 katika kijiji cha Wylam, karibu na mji wa Newcastle. Baba yake alikuwa akichochea moto wa mtambo wa mvuke uliovuta maji kutoka mgodini. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja, na ujira wa baba haukutosha kumpeleka mtoto yeyote shule.

Kwa hiyo George alianza kazi akiwa mdogo. Alichunga ng'ombe, akachambua mawe kutoka kwenye makaa, akaongoza farasi wa mgodini, kisha akawa msaidizi wa baba yake kwenye moto. Alipofika miaka 17 alikabidhiwa mtambo wa pampu katika mgodi wa Newburn. Baba yake alikuwa mchochezi wa moto hapo hapo, na cheo cha mtoto kikawa juu ya cha mzazi.

Siku za mapumziko, wenzake walipokwenda kujiburudisha, yeye aliufungua mtambo, akausafisha kipande kwa kipande na kuurudisha kama ulivyokuwa. Kwa njia hiyo alijifunza kazi ya kila valvu na kila fimbo. Hata hivyo alitambua kwamba habari za mitambo mipya zilikuwa vitabuni, naye vitabu vilikuwa vimemfungia mlango. Akaanza kwenda kwa mwalimu usiku, akilipa kwa ujira wake mwenyewe.

Kutoka mgodi hadi bandari

Mwaka 1801 alipewa kazi ya breki katika mgodi wa Black Callerton. Mwendesha breki ndiye aliyedhibiti mtambo wa kupandisha makaa na watu kutoka chini ya ardhi. Alitakiwa kuusimamisha wakati barabara, kwani akichelewa kidogo tu wachimbaji wangeweza kupoteza maisha.

Baada ya kumuoa Frances Henderson mwaka 1802, alihamia Willington Quay, kando ya mto Tyne. Huko aliendesha mtambo wa kuinua farumi, yaani mawe na mchanga ambao meli zilizokuja kuchukua makaa zilibeba ili zisiyumbe baharini. Usiku alishona viatu na kutengeneza saa za majirani ili kuongeza kipato. Mwana wao, Robert, alizaliwa mwaka 1803.

Kisha misiba ikamwandama. Binti yao alifariki akiwa mchanga, na mwaka 1806 Frances naye akafariki kwa kifua kikuu. Stephenson alimwacha mwanawe nyuma, akaenda kwa miguu hadi Montrose huko Scotland kuendesha mtambo wa kiwanda. Aliporejea alimkuta baba yake amepofushwa na mvuke katika ajali ya kazini. Akiba aliyotoka nayo Scotland iliishia kwenye madeni ya mzee na kumlipa mtu wa kwenda jeshini badala yake. Alifikiria kuhamia Marekani, lakini hakuwa na nauli.

Bahati yake iligeuka mwaka 1811. Mgodi mmoja wa Killingworth ulikuwa umejaa maji, na mafundi walikuwa wameshindwa kuutengeneza mtambo wake wa pampu. Stephenson aliomba ajaribu. Aliufungua, akaurekebisha, na baada ya siku chache wachimbaji wakaweza kushuka tena. Mwaka uliofuata aliwekwa kuwa msimamizi wa mitambo ya migodi ya Killingworth.

Mzozo wa taa

Mwaka huo huo wa 1812, mlipuko wa gesi uliwaua watu 92 katika mgodi wa Felling, jirani na hapo. Wachimbaji walimulika kwa moto wa wazi, na gesi ya methani ilipokutana na moto huo ililipuka.

Stephenson aliunda taa iliyoingiza hewa kupitia vitundu vyembamba, ili mwali usitoke nje. Oktoba 1815 aliibeba mwenyewe hadi mahali gesi ilipokuwa ikifoka mgodini, akijua kwamba akikosea hatarudi. Taa haikulipuka.

Wakati huo huo, huko London, mwanasayansi mashuhuri Humphry Davy alikuwa akitengeneza taa yake yenye wavu wa nyaya. Davy alizawadiwa pauni 2,000, Stephenson akapewa gini 100. Wako waliodai kwamba mtu asiye na elimu hawezi kuvumbua kitu kama hicho, na kwamba ameiba. Watu wa Newcastle walimchangia pauni 1,000, na mwaka 1833 kamati ya Bunge ilikubali kwamba kila mmoja alifikia ugunduzi wake mwenyewe.

Njia ya chuma

Stephenson hakuwa wa kwanza kuunda garimoshi. Richard Trevithick alikuwa amemtangulia miaka kumi. Lakini tangu alipounda la kwake mwaka 1814, aliendelea kuyaboresha magarimoshi na reli zake kwa pamoja. Tarehe 27 Septemba 1825 aliliendesha mwenyewe garimoshi la Locomotion, likivuta makaa na mamia ya watu kwenye reli ya Stockton na Darlington.

Mwaka huo huo alifedheheka bungeni. Mawakili wa waliopinga reli ya Liverpool na Manchester walimhoji juu ya vipimo vya ardhi, vikaonekana kuwa na makosa, na matamshi yake ya kijijini yakachekwa. Muswada ulikataliwa. Uliporudishwa mwaka 1826 ulipita, naye akapewa kazi. Kwenye kinamasi cha Chat Moss alitandaza matawi na vichaka, reli ikaelea juu yake.

Mwanawe Robert, ambaye alisomeshwa kwa jasho la baba hadi Chuo Kikuu cha Edinburgh, ndiye aliyesimamia uundaji wa Rocket, lililoshinda mashindano ya Rainhill mwaka 1829. Reli ilifunguliwa tarehe 15 Septemba 1830, lakini furaha ilitiwa doa pale Rocket lilipomgonga mbunge William Huskisson. Stephenson alimkimbiza kwa garimoshi jingine kutafuta tabibu. Huskisson alifariki usiku huo.

Kutoka hapo kipimo cha Killingworth, kilichoongezwa nusu inchi, kilifuata mafundi na magarimoshi ya Stephenson katika nchi nyingi. Afrika Mashariki haikukitumia mwanzoni: reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa na upana wa mita moja.

Mwaka 1847 wahandisi wa mitambo wa Uingereza walipounda taasisi yao, walimchagua kuwa rais wa kwanza. George Stephenson alifariki tarehe 12 Agosti 1848 nyumbani kwake Chesterfield, akiwa na umri wa miaka 67. Huko Killingworth, juu ya mlango wa nyumba aliyoishi, bado ipo saa ya jua ya mwaka 1816 aliyoichonga pamoja na Robert, wakati baba na mwana walipokuwa wakijifunza hesabu pamoja.