Alexander Fleming na Kidonda cha Kioo

Ndugu zetu, jina la Alexander Fleming hutajwa pamoja na penisilini, na hapo habari huishia. Sisi tunapenda kuanzia kwenye vidonda, maana huko ndiko alikojifunza, na huko ndiko majumbani mwetu tunakoteseka: mzee ana sukari, mguu una donda ndugu mwezi wa nne sasa, na kila wiki mtoto anatumwa akanunue vidonge viwili vitatu.

Fleming alizaliwa mwaka 1881 shambani karibu na Darvel, Scotland. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 7. Alifanya ukarani katika kampuni ya meli London, kisha urithi mdogo wa ami yake ukamfikisha kwenye skuli ya udaktari ya hospitali ya St Mary's mwaka 1901.

Vita vya 1914 vilimpeleka Boulogne, Ufaransa, kwenye maabara ya jeshi. Askari waliletwa na majeraha yaliyojaa udongo na vipande vya nguo, na madaktari wakiyamiminia dawa kali za kuua vijidudu. Wengi walikufa hivyo hivyo. Fleming akatengeneza kidonda cha kioo: alichukua bomba la kioo, akalivuta kwa moto likawa na miiba yenye uwazi ndani, kama jeraha la bomu lilivyo na vipenyo. Akatia majimaji yenye vijidudu, kisha dawa. Dawa ilipomwagwa na majimaji safi kutiwa, vijidudu vilirudi. Vilikuwa vimejificha vipenyoni. Akaona pia kwamba dawa zile ziliua chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili wenyewe. Yeye na mkubwa wake, Almroth Wright, wakashauri jeraha lisafishwe na kuoshwa kwa maji ya chumvi. Wengi hawakuwasikiliza.

Donda ndugu nalo lina vipenyo vyake. Bakteria hujenga utando wa ute na kukaa chini yake, dawa ikawafikia kwa shida. Kila kidonda cha siku nyingi kina bakteria, na si kila kimoja kinahitaji antibayotiki. Daktari hutazama wekundu unaosambaa, joto, uvimbe, usaha na homa. Nyama iliyokufa huondolewa, sukari hudhibitiwa, mguu hupumzishwa.

Habari ya Septemba 1928 inajulikana: alirudi likizoni akakuta ukungu umeua bakteria kwenye kisahani. Florey, Chain na wenzao wa Oxford ndio walioufanya kuwa dawa, na mwaka 1945 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Katika hotuba ya tuzo hiyo Fleming alitoa mfano wa kutunga, na kwetu sisi huo ndio uzito wa maisha yake. Mtu anaumwa koo, ananunua penisilini mwenyewe, anatumia kidogo. Vijidudu havifi, vinazoea. Anamwambukiza mkewe, mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini ile ile, haimfai, anafariki. Kisha Fleming akauliza ni nani mwenye dhamana ya kifo hicho, akajibu mwenyewe: ni mume, aliyetumia penisilini kwa uzembe.

Alifariki London tarehe 11 Machi 1955. Kabla hajafa, hospitali za mji huo zilikuwa zimekwisha kukuta stafilokokasi nyingi zisizosikia penisilini, na hao ndio jamii ya bakteria waliokuwa kwenye kisahani chake.