Gary Kildall

Gary Arlen Kildall (Seattle, 19 Mei 1942 – Monterey, California, 11 Julai 1994) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni CP/M, mfumo wa uendeshaji ambao hadi leo unatumiwa na watu wanaojiundia kompyuta nyumbani.

Maisha

Familia yake ilimiliki shule ya ubaharia mjini Seattle, naye alifundisha hapo kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Washington, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1972. Baadaye alifundisha katika chuo cha jeshi la majini huko Monterey.

CP/M

Mwaka 1974 alitengeneza CP/M ili kompyuta zenye mikroprosesa ya Intel 8080 ziweze kutunza mafaili katika diski. Kiolesura chake hakikuwa na picha wala kipanya. Skrini ilionyesha alama A>, na mtumiaji aliandika amri fupi: DIR kuorodhesha mafaili, TYPE kusoma faili, REN kulibadilisha jina, ERA kulifuta. Pamoja na mke wake, Dorothy McEwen, alianzisha kampuni ya Digital Research.

Kildall alitenga sehemu ndogo ya mfumo, iitwayo BIOS, ishughulikie vifaa vya kila mashine. Aliyeunda kompyuta mpya aliandika upya sehemu hiyo tu.

Mwaka 1980 IBM ilitafuta mfumo kwa ajili ya kompyuta yake mpya. Mazungumzo ya kwanza na Digital Research hayakufikia makubaliano. Microsoft ikanunua mfumo mwingine uliofuata mpangilio wa CP/M, nao ukawa MS-DOS. IBM iliuza pia CP/M-86, lakini kwa dola 240, wakati ule wa Microsoft uliuzwa kwa dola 40. Wanunuzi wengi walichagua ule wa bei nafuu.

Digital Research iliuzwa kwa Novell mwaka 1991. Kildall alifariki akiwa na miaka 52, siku chache baada ya kuumia kichwani.

Urithi

Kutengwa kwa BIOS ndiko kulikorahisisha kufufuliwa kwa CP/M. Inaendeshwa kwenye RC2014, kompyuta inayouzwa kama vipande vya kuunganishwa kwa mkono, na programu ya RunCPM huiwezesha kufanya kazi katika bodi ndogo za kisasa. Mwaka 2022 wenye haki za CP/M walithibitisha kwamba yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza. Kwa kuwa inatosha katika kumbukumbu ya kilobaiti 64, mwanafunzi anaweza kuisoma yote na kuielewa.