John Allen, mtu aliyejenga reli nzima chini ya nyumba yake

Mwonyeshe mtu picha za reli ya Gorre & Daphetid bila kumwambia chochote. Ataona treni ya mvuke ikivuka daraja refu la mbao, korongo lenye kiza chini yake, milima mikali nyuma, na kituo kidogo chenye mabati yaliyoshika kutu. Atauliza ni nchi gani. Hatajua kwamba kichwa hicho cha treni kinaenea kiganjani, na kwamba milima yote hiyo ilisimama ndani ya chumba kimoja, katika mji wa Monterey, jimbo la California, Marekani.

Aliyeijenga aliitwa John Allen. Miongoni mwa watu wanaojenga reli za modeli, yaani reli ndogo zinazofanana na za kweli na kutembea kwa umeme, hakuna Mmarekani anayetajwa zaidi yake, ingawa ni zaidi ya nusu karne tangu afariki.

Allen alizaliwa mwaka 1913 huko Joplin, Missouri. Wazazi wake wote wawili walifariki akiwa bado mtoto, akalelewa na ndugu. Kisha akapata homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao hata huku kwetu unajulikana kwa tabia yake mbaya: homa inapita, maumivu ya viungo yanapoa, lakini moyo unabaki na kovu. Kwa sababu ya moyo huo hakufaa kwenda jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aliishi maisha yake yote akijua kwamba mwili wake hauna dhamana ndefu.

Kazi yake ilikuwa upigaji picha, na aliifanya Los Angeles. Lakini alikuwa pia na urithi ulioachwa na familia, nao uliwekezwa vizuri. Kufikia mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 33 tu, aliweza kuacha kazi ya kutafuta riziki na kuhamia Monterey. Tuseme ukweli: bila fedha hizo pengine tusingelisikia jina lake. Lakini wenye urithi ni wengi, na si wengi wanaoutumia kukaa mezani miaka 26 wakichonga mawe ya plasta.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Allen alitumia kipimo kinachoitwa HO, ambapo kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Mtu mzima wa urefu wa kawaida anakuwa na sentimeta 2. Behewa la meta 12 linakuwa sentimeta 14 hivi. Reli ya kawaida ya Marekani ina upana wa milimeta 1,435, upana ule ule wa reli za SGR za Kenya na Tanzania. Gawa kwa 87 unapata milimeta 16 na nusu, chini ya upana wa kidole gumba. Katika nafasi hiyo mjenzi anapanga mataruma ya mbao, anamwaga kokoto ndogo kama mchanga, kisha anapigilia chuma chembamba kwa misumari inayoshikwa kwa koleo ndogo.

Reli yake ya kwanza huko Monterey ilikuwa ndogo kama kitanda, meta moja kwa meta mbili hivi. Juu ya ubao huo alijenga karakana ya vichwa vya treni. Karakana hiyo ndiyo iliyompa jina, kwani aliiingiza katika shindano la jarida la Model Railroader mwishoni mwa miaka ya 1940, akashinda. Watu waliikazia macho kwa jambo moja hasa: ilikuwa chafu. Mbao zilikuwa zimepauka, moshi umepaka dari, na juu ya paa palikuwa na kinyesi cha ndege.

Kwa msomaji wa leo hilo linaweza kuonekana mzaha. Lakini wakati ule wajenzi wengi wa modeli walifanya kinyume kabisa. Mtu alitumia miezi kuunda kichwa cha treni, akakipaka rangi inayong'aa, akakiweka kama sahani ya harusi. Kilikuwa kizuri, lakini macho hayakudanganyika, kwa sababu treni inayong'aa namna ile huonekana siku ya uzinduzi tu, waziri akiwapo. Baada ya wiki moja ya kazi, vumbi na moshi vimeshaingia.

Allen aliliona jambo hili kwa jicho la mpiga picha. Alielewa kwamba kinachoambia macho kuwa kitu ni kikubwa na kizito ni alama za kazi. Behewa la mkaa wa mawe huchakaa ndani, mahali mkaa unapogonga na kukwaruza, na weusi hutiririka ubavuni mvua inaponyesha. Kutu haiji popote tu. Inaanza kwenye viungo, kwenye vichwa vya ribiti, chini ya mlango ambako maji hukaa. Rangi ya juu ya paa hupauka kwa jua kabla ya rangi ya pembeni. Magurudumu hurusha tope kwenye ncha za behewa. Na behewa la kubeba ng'ombe lina uchafu wa aina yake: zamani Marekani mabehewa hayo yalipakwa chokaa kuua vijidudu, na chokaa hiyo ilichuruzika nje kati ya mbao na kuacha michirizi meupe.

Basi mjenzi anayetaka ukweli hawezi kumwaga rangi ya kahawia juu ya behewa akasema limezeeka. Inambidi ajiulize behewa hili limebeba nini, kwa miaka mingapi, na mvua imelipiga upande gani. Vifaa vyenyewe ni rahisi mno: rangi iliyozimuliwa sana ili ijae kwenye mianya na kuacha sehemu zilizoinuka, unga wa chaki za rangi unaosuguliwa kwa brashi laini, na brashi iliyokauka inayopitishwa kwa wepesi juu ya kingo. Gharama iko kwenye kutazama. Leo karibu kila anayejenga reli za modeli duniani huzeesha mabehewa yake. Allen hakuwa peke yake katika kuanzisha mtindo huo, lakini picha zake ndizo zilizowashawishi watu kwa wingi.

Kuna kitu hapa kinachonifurahisha. Reli ndogo hutumia umeme unaopita kwenye reli zenyewe: magurudumu yanauchukua na kuupeleka kwenye mota ndogo ndani ya kichwa. Chembe ya vumbi au mafuta ikikaa kati ya gurudumu na reli, treni inasimama. Kwa hiyo behewa linapakwa uchafu wa bandia kwa wiki nzima, huku magurudumu na reli vikifutwa visibaki na doa la uchafu wa kweli. Na si umeme tu. Behewa jepesi sana huanguka kwenye kona, na ndoana za kuunganishia zisipokuwa kimo kimoja treni inakatika ikipanda mlima. Allen alijulikana kwa ukali juu ya mambo haya. Reli yake haikuwa ya kutazamwa tu. Ilitakiwa ifanye kazi.

Mwaka 1953 alinunua nyumba Monterey yenye nafasi kubwa chini yake, na mwaka uliofuata akaanza reli iliyomchukua maisha yaliyobaki. Ile ndogo ya kwanza hakuitupa. Aliiingiza ndani ya mpya, ikawa sehemu moja ya nchi kubwa zaidi.

Wajenzi wengi huweka reli juu ya meza, na mtu anaiangalia kutoka juu kama ndege. Allen alianzisha milima yake sakafuni na kuipandisha hadi darini, kwa plasta juu ya nyavu za waya, ikachongwa na kupakwa rangi. Mgeni alitembea kwenye njia nyembamba kati ya milima hiyo kama mtu aliye ndani ya bonde, treni zikipita mbele ya kifua chake na nyingine juu ya kichwa. Pale chumba kilipokwisha aliweka vioo, mtaa wa mji ukaonekana kuendelea mbali. Majengo ya nyuma aliyafanya madogo kuliko ya mbele, ili macho yaamini kwamba yako mbali.

Pamoja na bidii yote hiyo alikuwa mtu wa utani. Jina Gorre & Daphetid, ukilitamka kwa Kiingereza, linasikika kama maneno yenye maana ya kujaa damu na kushindwa. Vituo vingine navyo vilikuwa na majina ya mzaha. Na kazi ya kusogeza mabehewa ilifanywa wakati mwingine na mnyama: dinosaria wa plastiki aitwaye Emma, mwenye magamba yaliyosimama mgongoni, aliyepewa namba 13 kama kichwa kingine chochote cha treni. Wengine waliona ameharibu ukweli wa reli yake. Mimi naona alijua anachofanya. Mtu aliyehakikisha kila ribiti iko mahali pake ana haki ya kufuga dinosaria mmoja.

Jioni za kuendesha treni, marafiki walikuja na kila mmoja akapewa kazi: mwelekezi wa treni, madereva, wapangaji wa mabehewa kwenye yadi. Walifuata ratiba kama shirika la reli. Hapo kuna tatizo la hesabu. Kilomita moja ya kweli katika kipimo cha HO ni meta 11 na nusu, na hakuna chumba cha nyumbani kinachoweza kubeba umbali halisi kati ya stesheni na stesheni. Treni ingefika kabla dereva hajakaa sawa. Suluhisho ni saa iliyotengenezwa iende mbio, ili safari ya dakika mbili ihesabike kama nusu saa, na siku nzima ya reli iishe katika jioni moja.

Alibuni pia mchezo mdogo aliouita Timesaver, ambao maelezo yake yalichapishwa Novemba 1972. Ni ubao mmoja wenye reli fupi na njia za pembeni, kichwa kimoja na mabehewa matano. Kila behewa lina mahali pake pa kufikishwa, lakini kila njia inabeba mabehewa machache tu, hivyo ili kupitisha hili ni lazima kwanza uondoe lile. Mshindi ni anayemaliza kwa muda mfupi. Anayedhani ni mchezo wa watoto ajaribu kwanza.

Dunia ilimjua Allen kupitia kamera. Ukipiga kwa simu yako picha ya ua lililo karibu sana, ua linaonekana vizuri na nyuma kunajaa ukungu. Modeli hupata tatizo hilo hilo, na ukungu huo ndio unaofichua kwamba kitu ni kidogo. Allen aliziba lenzi na kuacha tundu dogo mno. Tundu dogo hufanya vya karibu na vya mbali vionekane wazi pamoja, lakini mwanga unaoingia ni kidogo, kwa hiyo kamera huachwa wazi kwa muda mrefu bila chochote kutikisika. Picha hizo zilitoka magazetini mwaka baada ya mwaka, pamoja na matangazo ya kampuni ya Varney iliyouza vifaa vya modeli. Maelfu ya watu waliijua milima yake bila kufika Monterey.

Tarehe 6 Januari 1973 moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 59, na reli ilikuwa bado haijakamilika.

Siku kumi baadaye moto uliozuka kwa bahati mbaya ndani ya nyumba uliteketeza karibu kila kitu. Madaraja yalikuwa ya mbao, mabehewa mengi ya mbao na karatasi, na karakana ilikuwa imejengwa kijiti kwa kijiti. Ule ubao wa kwanza wa miaka ya 1940 ulikuwa mle ndani, nao ukaungua pamoja na kazi ya karibu miaka 20 iliyouzunguka.

Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa Model Railroader, alikusanya picha na maelezo ya reli hiyo akayaandikia kitabu. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1980, na kitabu kikatoka mwaka 1981. Wanaojenga reli za modeli bado wanakipitia ukurasa kwa ukurasa wakitafuta jinsi mlima fulani ulivyopinda au kutu ilivyopakwa. Timesaver nayo bado inajengwa. Inahitaji ubao unaoenea juu ya meza ya chakula na mabehewa matano, na watu wanaendelea kupimana kwa saa.